Mama Mkwe Amezeeka: Abaki Nyumbani au Apelekwe Makazi ya Wazee?

Mama mkwe ana miaka 80, haoni vizuri, na usiku hujikojolea. Mume yuko Mwanza kikazi, watoto wanasubiri uji waende shule, na pamba inadai palizi. Ndipo mama wa nyumba hiyo, hapa Bariadi au kule Maswa, anapojiuliza kimoyomoyo: hivi hakuna mahali pa kumtunzia mzee huyu? Tusikimbilie kumwita mkwe mbaya. Amechoka.

Mahali papo, ila si kama wengi tunavyodhani. Serikali ina makazi ya wazee katika mikoa kadhaa, na yanayojulikana zaidi huku kwetu ni Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, na Bukumbi, wilayani Misungwi. Si bweni la kumlipia mzee ada ukamwacha. Ni ya wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri huchunguza kama kweli mzee hana mtu. Akikuta wana watatu wenye ng'ombe zizini, atawaita wana hao kwanza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo huyahesabu makazi kuwa njia ya mwisho, baada ya familia na jamii kushindwa.

Basi kwa wengi wetu shauri linarudi nyumbani, na hapo tuseme wazi: kumtunza mzee ni kazi, na kazi ya mtu mmoja itamwangusha. Wifi na mashemeji wapangiwe zamu, na wasioweza kuja walete fedha ya sabuni na mashuka. Kumtwisha mjukuu wa kike mzigo huo mpaka aache shule sisi hatukuafiki, hata kama ndiyo desturi iliyo rahisi.

Vitu vidogo hupunguza kazi. Fundi seremala anaweza kutoboa kiti, ndoo ikawekwa chini yake, mzee asitembee gizani hadi chooni. Kitanda kiwe kifupi, na tochi iwe karibu. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, maana vidonda vya mgongoni huanza kimyakimya. Michembe migumu humshinda asiye na meno, lakini uji wa mtama na mlenda hupita vizuri. Na asiyeona asiachwe hivyo kwa kusema ni uzee tu, kwani mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na watu wakaona tena. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wana haki ya matibabu bila malipo, hivyo uliza kitambulisho chake kijijini na dirisha la wazee hospitalini.

Liko jambo zito zaidi kwetu Usukumani. Katika miaka ya 1990 na 2000 vikongwe wengi waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wajane wanaoishi peke yao ndio walio hatarini hasa. Macho yao mekundu hutokana na moshi wa kuni na samadi waliopikia maisha yote. Mzee anayetangatanga usiku na kusahau majina ya wanawe ana ugonjwa wa ubongo, haendi kuroga. Mara nyingine nyuma ya maneno hayo kuna shamba linalotamaniwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamhesabu kuwa mkosaji hata yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, kwa hiyo mnong'ono wa kwanza upelekwe kwa mtendaji na polisi, usisubiri wa pili.

Kwa sababu hiyo, mjane dhaifu asiachwe kwenye mji wake pembeni, hata akisema hataki kuwasumbua. Ajengewe chumba ndani ya mji wa mwanawe, chenye mlango wake na jiko lake lenye dirisha, apate kupokea wageni wake na kufuga kuku wake. Wazee wengi hukataa kuhama kwa kuogopa kuwa mgeni kwenye nyumba ya mkwe, na mlango wake mwenyewe huipunguza hofu hiyo.

Kikao cha ndugu kuhusu gharama za chumba hicho kiitwe mara baada ya kuuza pamba, fedha ikiwa bado mkononi.