Kabla hujaiuza saa ya babu aliyefanya kazi reli

Arobaini imepita, ndugu wanafungua sanduku la marehemu. Katikati ya shuka na risiti za zamani inatoka saa nzito ya mfukoni, haitembei. Mmoja anasema ni takataka, mwingine ameshapata mnunuzi anayetaka kuipima kwenye mizani kama fedha. Kwa familia za Mpanda ambazo babu alikuwa gadi, dereva wa treni au stesheni masta, ushauri wangu ni huu: msiiuze wiki hii.

Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya mgodi wa risasi. Njia ni moja. Treni hupishana stesheni, haziwezi kupishana porini, kwa hiyo watu wa reli walilazimika kusoma saa zinazokubaliana. Marekani walijifunza hilo kwa vifo. Mwaka 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, na lawama ikaangukia saa ya mfanyakazi mmoja iliyosimama dakika nne kisha ikaendelea. Webb Ball, muuza saa wa Cleveland, akapewa kazi ya kukagua saa za reli. Kanuni zilizofuata zilidai uso usio na kifuniko, tarakimu zinazosomeka haraka, vito visivyopungua 17, na saa isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki.

Reli zetu ziliendeshwa Kiingereza, kwa hiyo usishangae ukikuta saa ya Uswisi au Uingereza badala ya Hamilton au Waltham ya Marekani. Angalia herufi zilizochongwa mgongoni. T.R. ni Reli ya Tanganyika, kabla ya 1948. E.A.R.&H. ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, 1948 hadi 1969. Baada ya hapo bandari zilitengwa, ikabaki E.A.R. mpaka shirika lilipovunjika 1977. Herufi tatu zinaweza kukueleza babu aliajiriwa na nani.

Mgongo wa saa nyingine hufunguka kwa kuzungushwa, nyingine una mdomo mdogo wa kuinulia kwa ukucha. Kisu cha jikoni kiacheni jikoni. Ukishafungua, piga picha kwa simu. Namba ya kuamini ni ile iliyo kwenye mashine, si ya kasha, maana makasha yalibadilishwa sana. Kuhusu fedha, msijidanganye: makasha mengi ya kazi ni ya nikeli. Fedha halisi iliyotengenezwa England hugongwa alama ya simba anayetembea.

Saa kadhaa za reli za Marekani hazirekebishwi kwa kuvuta kitufe cha juu. Unafungua kioo cha mbele na kuvuta kijiti kidogo pembeni ya uso. Wasiojua hulazimisha kitufe mpaka kikavunjika.

Sasa matengenezo. Usiitie ufunguo kuona kama itaamka. Oili ya miaka 50 imekuwa gundi, na vumbi la Mpanda ndani yake linasaga chuma kama msasa. Mafuta ya taa, ya nazi au ya cherehani ni kuongeza ugonjwa. Muulize fundi saa swali moja: utaifungua yote, kipande kwa kipande? Akijibu kwamba atapuliza na kudondoshea oili, shukuru, chukua saa yako uondoke. Fundi anayejua hulegeza springi kwanza. Ikiwa saa iliwahi kuanguka, mara nyingi kimevunjika kijiti cha gurudumu linalochezacheza. Hicho hutafutwa kwenye saa nyingine ya aina hiyo au kuchongwa upya, na huenda ukalazimika kuituma Dar es Salaam. Mwambie asing'arishe mgongo, atafuta herufi. Uso uliopasuka nyufa uachwe vilevile. Kama mishale ina rangi ya kung'aa gizani, asiikwangue: saa za zamani zilipakwa radi, na unga wake ni hatari ukivutwa puani.

Ikishapona, itiwe ufunguo mara moja kwa siku, muda uleule, na mtu mmoja. Ndugu wachague nani. Na andikeni kwenye karatasi jina la mzee, stesheni alizofanyia kazi na mwaka aliostaafu, muiweke ndani ya kiboksi chake, wakati shangazi anayekumbuka bado yupo.