Kibali ni cha Nani? Haki za Mtaalamu Mwenye Viza ya Kipaji Nchini Uingereza

Ukurasa huu kwa kawaida hueleza taratibu za Serikali yetu wenyewe. Mara hii tunatoka nje ya mipaka, kwa sababu maamuzi yanayopitishwa London huingia mpaka barazani kwetu. Ni familia nyingi, Unguja na Pemba, zenye jamaa aliyekwenda Uingereza kufanya kazi au anayejitayarisha kwenda. Mazungumzo ya nyumbani kabla ya safari huwa ni ya mshahara na nauli. Suala ambalo aghalabu halizungumzwi, nalo ndilo zito zaidi, ni hili: kibali cha kukaa nchini humo kitakuwa mikononi mwa nani, mwa mfanyakazi mwenyewe au mwa mwajiri wake?

Sheria za uhamiaji za Uingereza zina njia kadhaa za kumpokea mtaalamu wa kigeni. Hapa tutazungumzia mbili. Ya kwanza ni viza iitwayo Skilled Worker, iliyoanza tarehe 1 Desemba 2020, pamoja na tawi lake la wafanyakazi wa afya na huduma. Hii ndiyo inayotumiwa na wengi, wakiwemo wauguzi na wahandisi. Ya pili ni Global Talent, ambayo katika makala haya tutaiita viza ya kipaji. Ilianza tarehe 20 Februari 2020 na kuchukua nafasi ya utaratibu wa awali uliokuwepo tangu mwaka 2011. Imekusudiwa watafiti na wanataaluma, wasanii, na wataalamu wa teknolojia ya kompyuta.

Kwa mtazamo wa haraka viza hizi zinafanana. Mwenye moja na mwenye nyengine wote hufanya kazi kihalali, hulipa kodi na huweza kufikia ukaazi wa kudumu. Tofauti huonekana siku kazi inapoharibika.

Tuchukue mfano wa watu wawili wa kubuni, wote kutoka Mjini Magharibi. Mmoja ni muuguzi mwenye viza ya Skilled Worker, na mwengine ni mtengenezaji wa programu za kompyuta mwenye viza ya kipaji. Wote wawili wanafika kazini siku moja na kukuta mwajiri amefunga shughuli. Kwa muuguzi, kazi na kibali vimefungwa kwa kamba moja. Aliingia nchini kwa hati ya udhamini iliyotolewa na mwajiri huyo, na mwajiri analazimika kuijulisha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza kwamba udhamini umekoma. Wizara humwandikia barua ya kufupisha muda wake wa kukaa. Kwa kawaida huachiwa siku 60, au siku zilizobaki katika viza yake iwapo ni pungufu ya hizo. Ndani ya muda huo anapaswa kupata mwajiri mwengine mwenye leseni ya udhamini, apewe hati mpya na apeleke ombi jipya. Hata akimpata mwajiri, haruhusiwi kuanza kazi hiyo mpya mpaka ombi likubaliwe. Asipofanikiwa, yeye na wategemezi wake wanapaswa kuondoka.

Mwenzake mwenye viza ya kipaji amepoteza mshahara, na hilo si dogo. Lakini hakupoteza haki ya kukaa. Viza yake haikutokana na mwajiri, hivyo haiondoki na mwajiri. Anaweza kutafuta kazi nyengine kwa muda anaouhitaji, kujiajiri, kufungua kampuni na kuwa mkurugenzi wake, au kufanya kazi kwa waajiri wawili kwa pamoja. Halazimiki kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani kwamba amebadilisha kazi, wala kwamba ameacha kazi kabisa. Wakati wa kuomba viza hakutakiwa kuonesha barua ya ajira wala kima cha chini cha mshahara. Kwa upande wa pili, mwenye Skilled Worker anayeomba sasa hukabiliwa na kima cha kawaida kilichopandishwa tarehe 22 Julai 2025 kufikia Pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa kazi za afya zinazofuata viwango vya taifa vya mishahara zina kima chao kilicho chini zaidi.

Inafaa jambo moja lifahamike vizuri, kwani hapa ndipo wengi hukosea. Haki za kazini hazitofautiani kwa sababu ya viza. Muuguzi na mtaalamu wa kompyuta walioajiriwa wote wana haki ya kima cha chini cha mshahara, likizo ya malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka (yaani siku 28 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki), karatasi inayoonesha mshahara na makato, na kujiunga na chama cha wafanyakazi. Hakuna mwajiri mwenye ruhusa ya kuishikilia pasipoti ya mfanyakazi ili asiondoke. Aidha, mwajiri mdhamini haruhusiwi kumrejeshea mfanyakazi tozo ya ujuzi ambayo yeye mwajiri huilipa Serikalini, na kuanzia tarehe 31 Desemba 2024 katazo hilo limepanuliwa hadi gharama za hati ya udhamini na leseni.

Kwenye karatasi, basi, haki ni zile zile. Lakini haki ya kudai likizo yako ina uzito gani iwapo unayemdai ndiye anayeweza kukuondolea kibali cha kukaa na watoto wako? Mfanyakazi wa namna hiyo huvumilia saa za ziada zisizolipwa na makato yasiyoelezeka, kwa sababu anahesabu siku 60 kabla ya kuhesabu pauni. Mwenye viza ya kipaji hana sababu ya kuhesabu hivyo. Anaweza kuandika barua ya kuacha kazi jioni na kuamka asubuhi akiwa bado mkaazi halali. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ndiyo faida kubwa ya viza hii, kuliko heshima ya jina lake.

Faida hiyo haipatikani kwa urahisi. Mwombaji hupitia hatua mbili. Kwanza hutafuta ithibati kutoka chombo kinachotambuliwa katika fani yake. Kwa watafiti na wanataaluma, vyombo hivyo ni Royal Society, British Academy, Royal Academy of Engineering na UK Research and Innovation. Kwa sanaa na utamaduni ni Arts Council England, na kwa teknolojia ya kompyuta ni Tech Nation. Ithibati ikipatikana, ombi la viza linapaswa kupelekwa ndani ya miezi mitatu. Wachache walioshinda tuzo kubwa za kimataifa zilizotajwa katika orodha maalum huruka hatua ya kwanza.

Msomaji asidhani kwamba njia hii ni ya mabingwa wa dunia pekee. Ipo ngazi ya mtu aliyekwisha kuongoza katika fani yake, na ipo ngazi ya mtu anayeonesha matumaini ya kufika huko. Mtafiti wa viumbe wa baharini, mpiga kanuni au fidla aliyekwisha kualikwa nchi mbalimbali, mbunifu majengo aliyejijengea jina katika uhifadhi wa majengo ya kale: hawa wana sababu ya kuyasoma masharti kwa makini. Kinachowaangusha watu wetu huenda kisiwe upungufu wa kipaji bali upungufu wa karatasi. Msanii anayeomba ithibati hutakiwa kuleta barua tatu za kumwelezea pamoja na vielelezo vya kazi yake, kama vile mapitio ya magazeti na programu za maonesho. Aliyepiga muziki miaka ishirini bila kuhifadhi hata kipande cha gazeti atapata taabu kuyathibitisha ambayo mtaa mzima unayajua.

Gharama nazo zisifichwe. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ombi hugharimu Pauni 766, ambazo ni Pauni 561 za ithibati na Pauni 205 za viza. Kubwa zaidi ni tozo ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni Pauni 1,035 kwa kila mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote mwanzoni. Anayechukua miaka mitano hulipa Pauni 5,175 za tozo hiyo peke yake, na mume au mke anayefuatana naye hulipa vivyo hivyo. Mwombaji ana hiari ya kuchagua muda wa mwaka mmoja hadi mitano, na anaweza kuongeza muda baadaye, hivyo si lazima abebe mzigo wote kwa siku moja. Waombaji kutoka Tanzania hutakiwa pia kuwa na cheti cha kipimo cha kifua kikuu.

Uhuru wa viza hii una mipaka yake. Mwenye viza haruhusiwi kufanya kazi ya michezo ya kulipwa, ikiwemo ukocha, na hana haki ya sehemu kubwa ya misaada ya Serikali. Anaweza kufanya kazi nje ya fani yake, lakini siku ya kuongeza muda au kuomba ukaazi wa kudumu atatakiwa kuonesha kuwa alipata kipato katika fani iliyothibitishwa. Mtafiti aliyeishia kuendesha teksi kwa miaka mitatu hakuvunja sheria, ila siku hiyo hatakuwa na la kuonesha. Hali kadhalika, aliyejiajiri hana mwajiri wa kumlipa likizo. Wiki asiyofanya kazi ni wiki isiyo na pesa. Na ithibati yenyewe inaweza kuondolewa na chombo kilichoitoa.

Ukaazi wa kudumu huweza kuombwa baada ya miaka mitatu kwa watafiti waliothibitishwa na vyombo vya taaluma na kwa viongozi wa fani za sanaa na teknolojia, na baada ya miaka mitano kwa walio katika ngazi ya matumaini. Mwombaji asiwe amekaa nje ya Uingereza zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote. Wanaokuja nyumbani kwa mfungo na sikukuu kisha wakakaa mpaka mwaka unageuka wazihesabu siku zao. Ifahamike pia kwamba mwaka 2025 Serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuongeza muda wa kawaida wa kusubiri ukaazi kutoka miaka 5 hadi 10 kwa njia nyingi za kazi. Anayejitayarisha asitegemee maelezo ya jamaa aliyekwenda miaka mitano iliyopita, bali asome masharti ya siku anayoomba.

Ukaazi wa kudumu si uraia. Mwenye ukaazi hubakia Mtanzania kamili. Lakini mtu mzima anayechukua uraia wa Uingereza kwa hiari yake hupoteza ule wa Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Uamuzi huo unagusa haki za nyumbani, ikiwemo kupiga kura, na haufai kufanywa kwa haraka ya kutaka pasipoti nyekundu au ya buluu.

Kwa watumishi wa umma wanaofikiria njia hii, ithibati ya chombo cha Uingereza haimwondolei mtumishi wajibu wake hapa. Anayeondoka bila ya ruhusa ya maandishi atahesabiwa mtoro kazini, hata kama viza yake ni halali kabisa. Ombi la likizo bila malipo au la kuacha kazi lipitie kwa mkuu wa taasisi mapema, na nakala za barua za ajira, vyeti na taarifa za utumishi zichukuliwe kabla ya safari, kwani barua hizo hizo ndizo zitakazohitajika kuthibitisha miaka ya kazi katika fani. Tangu kadi za ukaazi zilipositishwa mwishoni mwa mwaka 2024, ushahidi wa viza huwekwa katika mfumo wa kompyuta, na mwajiri wa kule huukagua kwa namba maalum anayopewa na mfanyakazi. Akaunti hiyo na neno lake la siri vibaki kwa mwenye viza peke yake, asiachiwe wakala wala mwajiri.