Chumba cha Chuma Kitiacho Oksijeni Damuni

Mtu akifungua chupa ya soda, mara huona vipovu vikipanda kwa wingi, ingawa kabla ya hapo soda ilikuwa imetulia kama maji ya kisima. Vipovu hivyo havikuzaliwa wakati ule. Hewa ilitiwa ndani kwa nguvu, ikayeyuka katika maji, ikakaa kimya kwa kuwa kizibo kiliizuia. Leo twataka kueleza habari za vyumba vya chuma ambamo wagonjwa huvuta oksijeni kwa mkandamizo mkubwa, na yeyote aliyeifahamu vema chupa ya soda amekwisha kuvifahamu nusu.

Hewa ina uzito. Pwani, kila sentimita mraba ya miili yetu hukandamizwa kwa uzito wa kilo moja hivi, nasi hatuusikii kwa sababu tumezaliwa nao. Mkandamizo huo na tuuite kipimo kimoja. Mtu azamapo baharini, kila mita 10 za maji humwongezea kipimo kimoja tena. Akiwa chini mita 20 amekandamizwa kwa vipimo vitatu, na hewa aivutayo huko yayeyuka katika damu yake na nyama za mwili wake, kama ile ya soda.

Jambo hili lilijulikana kwa gharama ya maisha ya watu. Mwaka 1870 Wamarekani walianza kujenga daraja la Brooklyn, New York. Ili kuweka misingi chini ya mto, walitengeneza masanduku makubwa mno ya mbao, yasiyo na sakafu, wakayazamisha kifudifudi, wakapuliza hewa ndani kwa nguvu ili maji yasiingie. Wafanyakazi wakachimba humo. Kazini hawakuona neno. Lakini walipopanda juu upesi na kurudi katika hewa ya kawaida, wengine walishikwa na maumivu makali ya viungo, wengine wakapooza, wengine wakafa. Mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, alipatwa mwaka 1872 akawa mgonjwa wa kitandani, na mkewe Emily akawa akipeleka maagizo yake kazini mpaka daraja likafunguliwa mwaka 1883.

Mfaransa Paul Bert alionyesha mwaka 1878 sababu yake: naitrojeni, iliyo sehemu kubwa ya hewa, hutoka damuni kwa vipovu mkandamizo upunguapo ghafula. Chupa imefunguliwa, na chupa ni mwili wa mtu.

Basi dawa ni nini? Kuifunga chupa tena. Karibu na mwaka 1890 mhandisi Ernest Moir alisimamia uchimbaji wa njia chini ya mto Hudson. Alikuta watu 45 au 50 kazini, na karibu kila mwezi mmoja wao hufa. Aliweka juu pipa kubwa la chuma lenye mlango. Aliyeugua huingizwa humo, hewa ikapulizwa mpaka vipovu vikanywea, kisha mkandamizo ukashushwa polepole. Vifo vikapungua sana. Hata leo tiba ya mzamiaji aliyeugua ndiyo hiyo, ila siku hizi huongezewa oksijeni, na mara nyingi huchukua karibu saa 5. Katika pwani yetu wako vijana wazamiao kwa mitungi ya hewa kutafuta majongoo ya bahari. Wajue ya kuwa aliyeumwa viungo baada ya kupanda hafai kuzamishwa tena baharini ili apone. Apewe oksijeni na kulazwa, na apelekwe hospitali bila kukawia.

Sasa oksijeni. Chembe nyekundu za damu ndizo zichukuazo oksijeni, na kwa mtu mzima wa afya karibu zote zimekwisha kujaa. Kuziongezea ni kama kumimina maji katika mtungi uliojaa. Lakini chembe hizo zaelea katika maji ya damu, na maji yale huweza kuyeyusha oksijeni kadiri ya mkandamizo. Katika hewa ya kawaida huchukua kidogo mno. Mtu avutapo oksijeni tupu kwa vipimo vitatu, maji ya damu peke yake huchukua karibu ya kutosha mwili uliopumzika. Daktari Ite Boerema wa Amsterdam alilithibitisha neno hili, akalitangaza mwaka 1960: aliwatoa nguruwe karibu chembe zote nyekundu, nao wakaishi ndani ya chumba cha mkandamizo.

Faida yake yaonekana wazi kwa aliyelala na jiko la mkaa katika nyumba iliyofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika chembe nyekundu isiziachie. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hiyo huhitaji saa 4 au 5 kutoka damuni. Kwa oksijeni tupu, saa moja na zaidi kidogo. Chumbani, kwa vipimo vitatu, dakika 20 na kitu. Hutumika pia kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari visivyotaka kupona, na kwa nyama na mifupa iliyodhoofishwa na miali ya kutibu saratani.

Lakini si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 1928 Daktari Orval Cunningham alijengewa mjini Cleveland, Marekani, tufe la chuma lenye upana wa futi 64 na orofa tano, kama hoteli, akadai kuponya humo kisukari na hata saratani kwa hewa iliyokandamizwa. Madaktari wenzake walimtaka ushahidi, asiutoe. Tufe likafungwa, na mwaka 1942 likavunjwa liwe chuma chakavu. Twaona madai ya namna ile hayajafa, maana siku hizi huuzwa mifuko ya kitambaa ya kulalia nyumbani, nayo haifiki hata kipimo kimoja na nusu.

Chumba cha kweli hutengenezwa kwa bamba nene za chuma cha pua au cha kawaida, zilizokunjwa kuwa pipa na kuunganishwa kwa moto. Umbo ni la mviringo kwa kuwa ukuta bapa hubetuka na kupasuka penye pembe. Kila mshono hupigwa picha ya eksirei, ufa usijifiche. Kisha chumba hujazwa maji, si hewa, na kukandamizwa kupita kiasi kitakachotumika. Maji hayashindiliki, chuma kikipasuka, yatavuja tu. Hewa ingelirusha vipande kama kombora. Madirisha ni ya plastiki ngumu, nene na safi kama kioo. Pana kijumba cha kuingilia chenye milango miwili, ili mganga aingie na kutoka bila kumharibia mgonjwa mkandamizo, na kitundu cha kupitishia dawa na chakula.

Adui mkuu ni moto. Penye oksijeni nyingi, cheche ndogo huwa tanuru. Kwa hiyo katika vyumba vikubwa hewa ya chumbani huwa ya kawaida, na oksijeni huvutwa kwa kofia au barakoa, na pumzi itokayo hupelekwa nje kwa bomba. Mgonjwa huvuliwa kila kitu, akavikwa pamba. Hapana mafuta ya nywele, hapana kiberiti, hapana simu. Mjini Milan mwaka 1997 watu 11 waliteketea chumbani, na ilisemwa kuwa chanzo ni kijichombo cha kupashia mikono moto kilichopita bila kuonekana.

Mlango ufungwapo, hewa huingia kwa kishindo na chumba huwa na joto, kama pampu ya baiskeli. Masikio huziba, mgonjwa humeza mate, au hubana pua na kupuliza. Kisha hulala au husoma kwa saa moja na nusu au mbili, akipumzishwa mara kwa mara kwa hewa ya kawaida, maana oksijeni ikizidi huleta kifafa. Wakati wa kushusha, chumba hupoa na ukungu hutanda. Mlango hufungukia ndani, hivyo hewa yenyewe huusukuma ujifunge. Kwa vipimo viwili na nusu husukumwa kwa uzito unaopita tani 15, na hapana awezaye kuuvuta. Mkandamizo uishapo, muuguzi huufungua kwa mkono mmoja.