Nyama ya Bonane Imebaki? Tulia, Masisi Iko na Form

Krisi imepita, Bonane, yaani Mwaka Mpya, imepita, saa hii tuko ndani ya Njaanuari na kila mtu Kanairo analia amesota. Lakini nusu ya hao wanaolia walimwaga nyama tarehe 2. Pitia nyuma ya ploti yoyote huku Kayole uone: paja la kuku limeng'atwa mara moja, pilau imekauka, mchuzi umeganda na mafuta yake juu. Halafu mwenye kumwaga ndiye anabisha mlango wako jioni akiomba soo mbili ya unga. Hiyo si kusota, hiyo ni kujichoma mwenyewe, na mimi kama mtu wa Masisi, huko mashariki mwa Kongo, siwezi nyamaza.

Mambo ya kupika nyama iliyobaki, Wamarekani wanajua kubonga. Kila mwaka, Alhamisi ya nne ya Novemba, wanachoma bata mzinga, ndege mkubwa kama mtoto wa shule, familia inadishi hadi inalegea, halafu wiki nzima ni sandwichi, supu, sandwichi tena. Wako na friji na wako na sheria: nyama iliyopikwa inakaa siku 3 au 4, ikizidi hapo inaenda. Poa kwao. Sisi bata mzinga tunamwonanga kwa simu. Na tukiwa tunabonga mambo ya simu, ujue Rubaya iko Masisi, na coltan ya hapo ni karibu 15% ya ile dunia nzima inatumia. Vitu vya kutengeneza simu vinatoka kwetu, lakini keja nyingi za hapo hapo kijijini hazina stima, sembuse friji.

Kwetu Krismasi ni ya kanisa. Kula kwenyewe kunangojanga Bonane, Januari mosi. Hapo ndio mbuzi anaanguka, kuku wa nyumbani wanapungua uani, na mwaka ukiwa umekubali, majirani wanachanga franga, wananunua ng'ombe mzima na kugawana kwa kilo. Masisi ni milima ya nyasi na ng'ombe, kwa hivyo nyama si stori ya kushangaza. Swali linakuja usiku, wageni wakishaenda, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, imeisha, na sufuria bado iko nusu.

Mimi nasema kazi yote iko hapo usiku, si kesho yake. Watu wanatafuta resipe ya siku ya pili na nyama ilishaharibika saa nne usiku wakicheza muziki. Sufuria kubwa ya mchuzi ikiachwa imefunikwa, inapoa mos mos, na ule uvuguvugu ndio vijidudu vinapenda. Saa 2 zikipita hapo mezani, umeanza kucheza kamari na tumbo lako. Mama yangu haongei mambo ya bakteria, anasema tu, "Mutoto, moto ya kwanza njo inaokoaka nyama." Anamaanisha hivi: toa nyama kwa sufuria kubwa, gawa kwa vyombo vidogo vya kina kifupi, ipoe haraka, iingie friji kama iko, na ngware ukiamka uichemshe hadi itoe mapovu kabisa, sio kupasha ya kuibia ati imepata joto kidogo. Kama huna friji, hiyo nyama ya kupikwa iishe usiku uleule. Usinidanganye ati utachemsha kila siku hadi wiki iishe. Kuna sumu zingine zikishatoka kwa vijidudu, moto hauziui. Wali ndio mbaya zaidi hapo. Ukilala nje usiku mzima, wacha uende, hata kama unauma roho.

Nyama mbichi ukiikausha ndiyo iko na maisha marefu, na hapa lazima nitenganishe Masisi na jirani yake Walikale, juu watu wanazitaja pamoja kama mapacha. Masisi iko juu, usiku baridi inakata, unalala na blanketi mbili. Nyama mbichi ukiitundika mahali pa hewa, asubuhi bado inaeleweka. Shuka Walikale uone. Huko ni msitu, joto na unyevu, mvua inanyesha ikijisikia. Nyama mbichi haikungojei. Ndio maana watu wa msituni ni maprofesa wa moshi. Kichanja juu ya moto, nyama imekatwa vipande vyembamba, chumvi, na moto wa polepole usiotoa ndimi. Ukiharakisha, nje inakauka na ndani inabaki mbichi, hiyo ni ngori. Ukienda taratibu hadi kipande kiwe kigumu na chepesi mkononi, umepata kitu cha kukaa muda bila friji, mradi usikiweke mahali pa unyevu.

Sasa hiyo nyama ya moshi inaenda wapi? Inaenda kwa sombe. Hapa naomba heshima kidogo, simameni. Sombe ni majani ya muhogo, yanatwangwa kwa kinu hadi yawe laini, halafu yanachemshwa sana, na nikisema sana namaanisha sana, juu majani mabichi ya muhogo yako na sumu, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunaiondoa. Nyama ya moshi inaingia mapema, ipikwe pamoja na majani, ilegee mos mos na iachie ule moshi wote ndani ya mboga. Baadaye kitunguu, mawese, pilipili moja nzima usiipasue, na ukipenda karanga za kusaga. Mawese ya Walikale yakiingia hapo, harufu inafika kwa jirani kabla ya salamu. Kipande kimoja cha nyama kinalisha watu sita, kwa sababu hakuna mtu anangoja kupewa mnofu. Utamu uko kwa majani. Hiyo na bugali ya muhogo, msee, utasahau kuna kitu inaitwa kuku wa kukaanga.

Maharage ni ndugu mdogo wa sombe. Mifupa ya Bonane yote, ile ya mbuzi hasa, usitupe. Ichemshe kwa moto mdogo, upate supu, halafu pikia maharage na hiyo supu. Sina mengi hapo, kila mtu anajua.

Sambusa ndio form ya kuomoka. Nyama ya ng'ombe iliyobaki ikalala kwa friji, asubuhi ichambue na vidole hadi iwe nyuzi nyuzi, kaanga na kitunguu kingi na pilipili hadi ikauke kabisa, juu maji ndiyo yanaharibu sambusa, funga, tumbukiza kwa mafuta. Mjini Goma sambusa zinauzwa kila kona, na huku Kayole pia hazilali. Nyama ambayo ungemwaga inarudi kwa mfuko ikiwa doo.

Halafu kuna chizi. Wasee wa Nairobi hawaamini nikiwaambia kwetu tuko na chizi yetu, lakini iko: duara kubwa la rangi ya njano, na ganda lake. Mapadri Wabelgiji ndio walileta huo ujuzi kwenye milima yetu miaka ya 1970, wafugaji wakaushika, na leo fromaji ya Masisi inajulikana hadi Kinshasa. Inafanana na ile Gouda ya Waholanzi, na inavumilia safari bila friji. Hii resipe ni yangu, mama haitambui: chemsha viazi vya Masisi, viponde, changanya na kuku aliyebaki, aliyechambuliwa na kuchemshwa upya, mwaga chizi ya kukwaruza juu, funika sufuria, weka makaa kidogo juu ya mfuniko na mengine chini kwenye mbabula. Ngoja chizi iyeyuke na ianze kushika rangi. Yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, alionja akasema ni chakula cha wazungu, halafu akaongeza sahani.

Lakini siwezi kubonga chakula cha Masisi nikajifanya kila kitu kiko shwari. Tarehe 4 Januari 2025, siku chache tu baada ya Bonane, waasi wa M23 waliingia Masisi mjini. Mwisho wa mwezi huo wakachukua Goma, na uwanja wa ndege uliokuwa unapeleka chizi Kinshasa ukafungwa. Machi wakafika Walikale. Familia ikitoka mbio, sufuria ya mchuzi inabaki jikoni vile ilivyo. Kinachobebeka ni unga, chizi, na ile nyama kavu kwenye kitambaa. Ukiona mtu wa kwetu anakausha nyama hata huku Nairobi penye friji na stima, usimcheke ati ni mshamba.

Kitu cha mwisho, na hiki hakina resipe. Kwetu sahani ya jirani inatoka usiku uleule chakula kikiwa bado moto. Humpelekei mtu makombo ya juzi ukajiita mkarimu. Kama unaona nyama imezidi, gawa saa hiyo, na nyingine mbichi ikate, uitie chumvi, uiweke juu ya moshi.

Kwa hivyo mbogi yote ya Kayole, Githurai na Kasarani, Bonane ijayo msimwage kitu. Na mwenye sombe yake ikizidi, anitafute, bugali nitasonga mimi.