Kitagalog kwa Msemaji wa Kiswahili: Anza na Kitenzi

Anayeanza kujifunza Kitagalog hupewa kwanza orodha ya maneno: bahay ni nyumba, tubig ni maji, bata ni mtoto. Orodha ina kazi yake, lakini mwanafunzi anayetokea kwenye Kiswahili ningependa aanzie kwenye kitenzi. Ugumu wa lugha hii ya Ufilipino uko hapo, na hapohapo Kiswahili chake kitamsaidia kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya wanaojua Kiingereza tu.

Chukua mzizi bili, wenye maana ya kununua. Bumili ako ng tinapay: nilinunua mkate. Kitenzi kimetangulia, akafuata mtenda (ako, mimi), kisha mkate. Sasa sikiliza: Binili ko ang tinapay. Mnunuzi ni yuleyule, ila safari hii anayezungumziwa si yeye tena. Ni mkate, tena mkate unaojulikana. Sisi tungesema "niliununua mkate". Ile -u- tunayoipachika bila kufikiri inakaribia sana kazi ya ang hapa.

Ang hutangulia kile kinachozungumziwa, na kitenzi hujigeuza kipatane nacho. Kikiwa ni mtenda, huingia -um-. Kikiwa ni kitu kilichotendwa, huingia -in-. Visivyo kiini cha habari hutanguliwa na ng, inayotamkwa "nang", na mahali huonyeshwa kwa sa. Majina ya watu yana vialama vyake: si, ni na kay.

Vitabu vingine husema binili ni kauli ya kutendwa. Sikubaliani navyo. "Mkate ulinunuliwa na mimi" ni Kiswahili kizito, hakisikiki mara kwa mara, ilhali binili ko ni usemi wa kila siku wa Mfilipino. Mfumo wenyewe hauishii kwenye kauli mbili. Ibinili ko ng tinapay ang bata: nilimnunulia mtoto mkate. Sasa mtoto ndiye aliyechukua ang, na kitenzi kimeongezewa i- mbele. Aliyezoea kununua, kununulia na kununuliwa hawezi kushangazwa na kitenzi kinachobadilika kwa sababu ya anayenufaika.

Kitakachomshangaza ni mahali kiambishi kinapokaa. Viambishi vyetu huja mbele au nyuma ya mzizi. -Um- na -in- hupenya ndani yake, baada ya konsonanti ya kwanza. Mzizi kain, kula, huzaa kumain (amekula), kumakain (anakula) na kakain (atakula). Tazama silabi ya kwanza inavyorudiwa: tendo lisilokamilika hurudia silabi, lililokamilika halirudii. Lugha hii hujali zaidi kama tendo limekwisha, linaendelea au halijaanza; jana na kesho huachiwa maneno kahapon na bukas. Kwa hiyo kumakain siya inaweza kuwa "anakula" au "alikuwa akila", na siya, kama yeye, haitofautishi mwanamume na mwanamke.

Vitenzi vingine hutumia mag-: nagluto, amepika, nagluluto, anapika, magluluto, atapika. Ukishaelewa kain, hivi havitakusumbua.

Vipashio viwili vidogo vinatufaa sana: na na pa. Kumain ka na ba? ni "umeshakula?", ambapo na hufanya kazi ya -sha-, na ba huashiria swali. Ukijibu Hindi pa, umesema "bado".

Pale Kiswahili kilipo na "sisi" moja tu, kuwa makini. Tayo humjumuisha unayezungumza naye, kami humwacha nje. Mgeni anayeaga aseme Aalis na kami, tunaondoka. Akisema tayo, amemchukua na mwenyeji wake.

Kwenye matamshi, ng ni ile ya ng'ombe, hata mwanzoni mwa neno kama ngayon, sasa. Mkazo ndio mgumu. Kwetu hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwao huhama, na maandishi ya kawaida hayauonyeshi. Bukas yenye mkazo mwanzoni ni kesho, yenye mkazo mwishoni ni wazi. Jifunze kila neno kwa sikio.

Msamiati hauna kitisho. Mesa waliipata kwa Wahispania, waliotawala visiwa hivyo hadi 1898, kama sisi tulivyopata meza kwa Wareno. Salamat, ahsante, ina asili ya Kiarabu moja na salama yetu. Anayejua Kimalagasi, ndugu wa Kitagalog upande wetu wa Bahari ya Hindi, atatambua hata namba: lima, pito na walo za kule ni dimy, fito na valo za Madagaska. Na ukikuta kitabu cha Filipino, kinunue: Rais Manuel Quezon alitangaza Kitagalog kuwa msingi wa lugha ya taifa mwaka 1937, na Filipino ni jina ambalo katiba ya 1987 inaipa lugha hiyo.

Mashariki ya Afrika na Ufilipino hukutana kazini kila siku katika nchi za Ghuba, na huko adabu itakufaa mapema. Kaka mkubwa ni kuya, dada mkubwa ni ate, hata kwa asiye ndugu. Kwa mkubwa, ongeza po na utumie kayo, "ninyi", hata akiwa mmoja: Kumain na po ba kayo? Ka ya silabi moja hutangulia na. Kayo yenye silabi mbili husubiri mwisho.