Lugha ya nyumbani yaweza kuhesabiwa chuoni: mtihani wa umahiri wa lugha na namna ya kujiandaa



Kila mwaka, ifikapo Agosti na Septemba, vijana wengi kutoka katika jumuiya zetu zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani huanza masomo ya chuo. Baadhi yao walizaliwa au kukulia Nyarugusu mkoani Kigoma, wengine Kakuma nchini Kenya, wengine Nakivale nchini Uganda. Huingia darasani wakiwa na lugha mbili, tatu, hata nne. Lakini wanapokutana na sharti la kusoma lugha ya kigeni, wengi hujiandikisha katika Kihispania cha mwanzo na kukilipia ada, muhula baada ya muhula, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba lugha wanayosalia Rozari nyumbani inaweza kupimwa na kuhesabiwa katika shahada yao. Katika makala hii tunaeleza jambo hilo kwa wazazi na vijana, pamoja na faida na mipaka yake.

Krediti ni nini?

Vyuo vya Marekani hupima masomo kwa kipimo kiitwacho krediti. Shahada ya kwanza kwa kawaida hudai krediti 120, na ile ya miaka miwili ya vyuo vya jamii huhitaji takribani 60. Somo moja la muhula huwa na krediti 3 au 4. Fani nyingi hudai mwanafunzi asome lugha ya kigeni kwa mihula miwili, mitatu au minne. Kwa familia ambayo baba hufanya kazi ya usiku na mama hufanya kazi ya mchana, kupunguziwa masomo mawili au matatu si jambo dogo. Ni fedha inayobaki nyumbani, na pengine ni muhula mzima wa kumaliza mapema.

Hata hivyo, ni lazima kutofautisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kusamehewa sharti: chuo kinakubali kwamba mwanafunzi anajua lugha, hivyo hakimlazimishi kuisoma, lakini hakimpi krediti yoyote. Atapaswa kuijaza nafasi hiyo kwa somo jingine. La pili ni kupewa krediti zenyewe, zinazoandikwa katika rekodi yake ya masomo na kuingia katika hesabu ya shahada. Kijana anapokwenda kuuliza, asiulize tu kama chuo kinatambua Kiswahili. Aulize kama kinasamehe sharti au kinatoa krediti, na ni krediti ngapi.

Mitihani iliyopo

Mitihani inayojulikana zaidi mashuleni haina Kiswahili. CLEP hupima lugha tatu tu: Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Hata hivyo, ndugu zetu waliosoma kwa Kifaransa nchini Congo, Burundi au Rwanda wasiupuuze. Mtihani wa Kifaransa wa CLEP hufanyika kwa kompyuta, hupima kusikiliza na kusoma, na alama zake huanzia 20 hadi 80. Alama 50 ndiyo inayopendekezwa kwa krediti za ngazi ya kwanza, ingawa kila chuo huamua chenyewe. Mtu aliyemaliza sekondari kwa Kifaransa, hata kama vyeti vyake viliungua au kupotea vitani, anaweza kuthibitisha kwa njia hii kile anachokijua.

Kwa Kiswahili, njia kuu ni mitihani ya umahiri. Mmoja ni mahojiano ya mdomo yanayofuata vigezo vya ACTFL, baraza la Marekani la walimu wa lugha za kigeni. Mtahiniwa huzungumza kwa simu na mtahini aliyefunzwa kazi hiyo, kwa muda usiozidi nusu saa. Mwingine ni Avant STAMP, unaofanyika kwa kompyuta, ambapo kuandika na kuzungumza hupimwa pia. Baraza la Elimu la Marekani, ACE, hutoa mapendekezo kuhusu krediti zinazostahili kwa baadhi ya mitihani ya namna hii, ikiwemo ya ACTFL. Neno la kushika hapa ni “mapendekezo”. Uamuzi wa mwisho ni wa chuo. Aidha, chuo huhitaji matokeo rasmi ya mtihani uliofanyika chini ya usimamizi, yakiwa yametumwa kwa utaratibu unaokubalika.

Kinachopimwa

Vigezo vya ACTFL vina ngazi kuu tano, kuanzia ya mwanzo hadi ya ubobezi. Anayeweza kutaja majina ya vitu na kusalimia yuko ngazi ya mwanzo. Anayeweza kuuliza na kujibu maswali ya maisha ya kila siku kwa sentensi zake mwenyewe yuko ngazi ya kati. Ngazi ya juu humtaka mtu asimulie na kueleza kwa aya zilizoungana, akitumia wakati uliopita, uliopo na ujao, na aweze kujinasua katika tatizo lisilotarajiwa. Juu ya hapo, mtu hutakiwa kutetea hoja na kujadili mambo ya jamii, kama elimu, uchumi au sheria.

Hapa ndipo vijana wetu wengi hukwama. Wanakijua Kiswahili cha jikoni na sebuleni vizuri kabisa. Wanajua kuomba chakula, kumtania mdogo wao na kumwamkia bibi kwa heshima. Lakini wakiulizwa wanaonaje gharama za matibabu, wanakimbilia Kiingereza katikati ya sentensi. Tena wengi hujibu kwa “ndiyo” au “hapana” na kunyamaza, kwa sababu wamelelewa kutosema sana mbele ya mkubwa. Adabu hiyo ni njema, lakini mtahini hawezi kupima maneno yasiyosemwa. Kijana aelezwe kwamba katika mahojiano haya kujibu kwa urefu si utovu wa adabu.

Ajue pia kwamba mtahini huanza na maswali mepesi, kisha huyapandisha kwa makusudi hadi pale mtahiniwa anaposhindwa kuendelea, ili aione dari ya uwezo wake. Kwa hiyo maswali yakizidi kuwa magumu, hiyo si dalili ya kufeli. Mara nyingi ni dalili kwamba yaliyotangulia yamejibiwa vizuri.

Je, Kiswahili chetu kinatosha?

Wazazi kutoka Bukavu, Goma, Uvira au Lubumbashi huuliza swali hili kwa wasiwasi. Wameambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili chao si “safi”. Tunapenda kusema wazi: Kiswahili cha Congo ni lugha ya watu wengi, watu hutubu na kuhubiri kwacho, na hakuna sababu ya kukionea haya. Wakati huohuo, haki inatutaka tuseme ukweli wote. Mitihani huandaliwa kwa kuzingatia zaidi Kiswahili sanifu, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa tangu mwaka 1930 na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki. Anayesema “batoto banaenda” ataeleweka, lakini katika kuandika itamfaa kuzoea “watoto wanakwenda”. Kujifunza namna ya pili si kuikana ya kwanza. Ni sawa na mtu mwenye nguo ya shambani kujipatia na nguo ya Jumapili.

Namna ya kujiandaa

Maandalizi mazuri hayahitaji fedha nyingi, na mengi yamo parokiani. Palipo na Misa ya Kiswahili, kijana ajitolee kuwa msomaji wa Neno, na ayasome masomo kwa sauti nyumbani siku tatu au nne kabla ya Jumapili. Ngeli za nomino, viambishi vya nyakati na mpangilio wa sentensi ndefu vitamwingia masikioni bila yeye kujua. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, apewe nafasi ya kueleza Injili kwa maneno yake mwenyewe. Asikilize taarifa ya habari kwa Kiswahili kila siku, kisha aisimulie kwa mzazi bila kutumia neno la Kiingereza. Mara moja kwa juma aandike ukurasa mmoja: namna familia ilivyosafiri, kazi anayotaka kufanya, au jambo ambalo angelibadilisha mjini anapoishi. Mzazi au katekista amsahihishe kwa upole. Kijana anayechekwa kila anapokosea hunyamaza, na anayenyamaza hujisahaulisha.

Walio bado sekondari

Wazazi wenye watoto wa sekondari wasingoje chuo. Upo utambulisho uitwao Muhuri wa Lugha Mbili, unaowekwa katika diploma ya mwanafunzi aliyethibitisha umahiri wa Kiingereza na lugha nyingine. California ilitangulia kuuweka katika sheria mwaka 2011, na majimbo mengine yakafuata. Katika jimbo la Minnesota, kwa mfano, wenye muhuri huo wanaweza kuomba krediti katika mfumo wa vyuo vya Minnesota State, ilimradi waombe ndani ya miaka mitatu baada ya kumaliza sekondari. Mtihani wa muhuri mara nyingi husimamiwa na shule yenyewe. Mzazi aende kwa mshauri wa masomo mapema, aulize kama Kiswahili kinapimwa hapo na nani hulipa ada.

Mipaka na tahadhari

Kwanza, kijana apate jibu la chuo kwa maandishi kabla ya kulipia mtihani. Msajili na idara ya lugha ndio wa kuulizwa. Baadhi ya vyuo havitoi krediti kwa masomo ya mwanzo ya lugha ambayo mwanafunzi alizaliwa nayo. Vingine husamehe sharti tu. Pili, krediti za mtihani hazihesabiwi katika idadi ya masomo anayosoma muhula huo kwa ajili ya msaada wa fedha wa serikali. Anayehitaji krediti 12 ili ahesabiwe mwanafunzi kamili lazima azisome darasani. Tatu, anayepanga kuhama chuo aulize na kule anakokwenda, kwa maana kilichokubaliwa hapa chaweza kukataliwa kule.

Nne, na hili ni la dhamiri, mtihani ufanywe na mwenyewe. Kumweka mjomba mwenye Kiswahili kizuri ajibu simu ni kusema uongo na kuiba. Kukibainika, kijana anaweza kupoteza zaidi ya krediti, na wengine wenye lugha hiyo watatiliwa shaka pasipo kosa lao.

Tunajua mfano wa talenta uliomo katika Injili ya Mathayo: mtumishi mmoja alikabidhiwa mali, akaifukia ardhini kwa hofu. Wapo wazazi waliofukia lugha yao kwa hofu ya namna hiyo, wakidhani itamzuia mtoto kujua Kiingereza. Mtihani huu si kipimo cha thamani ya lugha wala ya mtu. Mwenye kupata ngazi ya chini hapungukiwi na utu. Lakini mtoto anapoona chuo kikiandika katika rekodi yake lugha ya nyanya yake, huanza kuitazama kwa jicho jingine. Basi, juma hili, mwenye mtoto chuoni au sekondari amwulize swali moja: je, umeuliza kama wanapima Kiswahili?