Maumivu Madogo ya Tumbo: Chunga Kidonge cha Kwanza

Maumivu madogo ya tumbo kwa mtu mzima, hasa yale ya chini ya chembe cha moyo yanayoambatana na kiungulia au gesi, mara nyingi hutulia nyumbani ndani ya siku moja au mbili. Hatari huanza pale mgonjwa anapokwenda duka la dawa kuomba “dawa ya maumivu”, akapewa diklofenaki, ibuprofeni au aspirini.

Dawa hizi hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Lakini kemikali hizohizo ndizo husaidia tumbo kutoa ute unaokinga ukuta wake dhidi ya asidi. Kinga hiyo ikipungua, ukuta huchubuka, kidonda hutokea na huweza kuvuja damu, wakati mwingine bila maumivu ya kutahadharisha. Walio hatarini zaidi ni wazee, waliowahi kuugua vidonda vya tumbo, na wanaotumia steroidi au dawa za kuzuia damu kuganda. Ikilazimu kutuliza maumivu, parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, mradi isizidi gramu 4 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi apate ushauri kwanza.

Nyumbani, mgonjwa ale chakula laini kidogo kidogo, kama vile uji au wali, na anywe maji kwa mafundo madogo. Aepuke pombe, sigara, pilipili na vyakula vya mafuta mengi, wala asilale kabla ya saa 2 hadi 3 kupita tangu kula. Vidonge vya kupunguza asidi vyenye magnesiamu au aluminiamu hutuliza kiungulia, ila hupunguza ufyonzwaji wa dolutegraviri. Anayetumia dawa hiyo ya VVU aimeze angalau saa 2 kabla ya vidonge hivyo, au saa 6 baada yake.

Aende kituo cha afya bila kuchelewa akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, tumbo likiwa gumu, maumivu yakizidi au yakihamia chini upande wa kulia, akiwa na homa, macho ya manjano au ujauzito, au maumivu yakipanda kifuani. Yanayojirudia kwa wiki kadhaa, au yanayoambatana na kupungua uzito, nayo yanahitaji uchunguzi.

Nawe mhudumu, kabla ya kutoa kidonge chochote, muulize mgonjwa amemeza nini tangu maumivu yaanze. Huenda jibu lake likawa ndicho chanzo cha ugonjwa.